UZI: Zoezi moja dogo la saa ya Kiswahili kwenye lugha ishirini na kitu za programu, na kwa nini ikifika alfajiri majibu hayafanani

#1 Mtoa uzi

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, tafuta chai kabisa.

Kuna zoezi nalifanya kila nikianza lugha mpya ya programu. Watu wengi wakianza wanaandika ile ya kusalimia dunia alafu wanahamia kwenye mambo makubwa, mimi nafanya hili la saa kwa sababu ni dogo, linakaa kwenye mstari mmoja au miwili, lakini linaitoboa lugha na kukuonyesha ndani ikoje.

Zoezi lenyewe: unapewa namba 0 mpaka 23, yani saa kama simu inavyoonyesha, utoe saa ya Kiswahili. 7 iwe saa 1, 13 iwe saa 7, 18 iwe saa 12, 0 iwe saa 6. Basi. Dakika tuziache kwanza.

Kichwani kila mtu humu anafanya, unatoa sita. Huku kwetu ikweta iko jirani, jua linatoka na kuzama mida ile ile karibu mwaka mzima, kwahiyo saa ya kwanza ni ile inayoisha baada ya kukucha na usiku nao unahesabiwa upya jua likishazama. Waethiopia nao wanahesabu hivyo hivyo. Sasa ukiiambia kompyuta unasema: toa sita, gawa kwa 12, chukua baki, baki ikiwa sifuri andika 12.

Python:

```
k = (saa - 6) % 12 or 12
```

JavaScript:

```
let k = (saa - 6) % 12 || 12;
```

Hapo alama ya % ndio "gawa uchukue baki", na `or 12` au `|| 12` ndio "ikiwa sifuri andika 12". Ukiziangalia ni mapacha. Mimi niliziona mapacha. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kutuma meseji za kukumbusha abiria wa basi, ya kwanza niliandika kwa Python ikawa inafanya kazi vizuri tu, baadae mwenye basi akataka ihamie kwenye tovuti nikaigeuza kuwa JavaScript mstari kwa mstari. Nikatesti saa nne asubuhi, ikasema saa nne. Nikatesti mchana, jioni, saa tatu usiku, zote sawa. Kesho yake abiria wa basi la alfajiri wakapokea meseji kwamba gari linaondoka saa -1. Mama mmoja alipiga simu kuuliza hiyo saa ni ipi maana yeye anatoka mbali na anataka kujua alale stendi au asilale. Ile simu iliniuma sana kwa sababu swali lake lilikuwa la maana na mimi nilikuwa sina jibu kwa wakati ule.

Basi la saa kumi na moja alfajiri ni 5. 5 toa 6 ni -1. Python ukiiuliza -1 gawa kwa 12 baki ngapi inakwambia 11. JavaScript inakwambia -1. Na hakuna hata moja iliyokosea hesabu, hapa ndipo nataka tukae.

Shuleni tulifundishwa 7 gawa kwa 3 ni 2 baki 1, kwa sababu 3 mara 2 ni 6, ongeza 1 unarudi kwenye 7. Hiyo ndio sheria pekee: jibu mara kigawanyo, jumlisha baki, lazima urudi ulipotoka. Sasa chukua -3 gawa kwa 12. Unaweza kusema ni 0 baki -3, ukihakiki, 12 mara 0 ni 0, ongeza -3, umerudi. Unaweza pia kusema ni -1 baki 9, ukihakiki, 12 mara -1 ni -12, ongeza 9, umerudi kwenye -3 vile vile. Zote zinatimiza sheria. Wa kwanza anakata kuelekea sifuri, wa pili anashuka chini. Kwenye namba chanya hawa wawili wanatembea pamoja siku zote, ndio maana unaweza kuprogramu miaka mitano hujawahi kuona tofauti. Wanaachana kwenye hasi tu. Na saa yetu inaingia hasi kuanzia saa sita usiku mpaka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, masaa sita ambayo hakuna mtu yuko macho anatesti.

Basi nikaanza kuzunguka lugha moja moja na namba 3, yani saa tisa usiku, kuona nani anasema 9 na nani anasema -3.

Wanaosema 9: Python, Ruby, Lua, Perl, R (kule alama ni %%), Dart, na Excel kwenye MOD.

Wanaosema -3: C, C++, Java, JavaScript, PHP, Go, C#, Swift, Rust, Bash, na hifadhidata kama PostgreSQL, MySQL na SQLite.

C ina historia yake. Kiwango chake cha mwanzo (yani kanuni rasmi za lugha), C89, kiliacha kila mtengenezaji wa kikusanyaji (compiler, programu inayogeuza kodi iwe lugha ya mashine) achague mwenyewe kwenye hasi, yani programu ile ile ungeweza kuipeleka kwenye mashine nyingine ikakupa jibu lingine na wote wako ndani ya sheria. Kiwango cha baadae, C99, ndio kikafunga mjadala: kukata kuelekea sifuri. Lugha nyingi zilizoiga sura ya C zimebeba na hilo.

Upande wa Python, Guido van Rossum alieianzisha amewahi kueleza kwa nini alichagua kushuka chini, na mfano wake ni wa saa kabisa. Kompyuta nyingi zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970. Siku ina sekunde 86400, ukitaka kujua ni muda gani wa siku unagawa kwa 86400 unachukua baki. Tarehe za kabla ya 1970 zinakuwa hasi, na ukifuata mtindo wa C unapata kitu ambacho sio muda wowote wa siku. Nilivyosoma hiyo nikamkumbuka yule mama wa stendi, ni tatizo lile lile.

Kuna lugha ambazo zimekataa kuchagua, zinakupa zote mbili useme mwenyewe unataka ipi, na mimi kundi hili ndio nalipenda zaidi. Haskell ina `mod` (inashuka chini) na `rem` (inakata kuelekea sifuri). Ada nayo hivyo hivyo, Prolog nayo. Fortran ina MOD na MODULO. Java walikuja kuongeza `Math.floorMod`, ile ya kushuka chini, kwenye Java 8 mwaka 2014. Ila Haskell ina shimo, ukiandika hivi bila mabano

```
-3 `mod` 12
```

unapata -3, kwa sababu inachukua 3 kwanza inapiga mod alafu ndio inaweka alama ya kutoa mbele. Inatakiwa ``(-3) `mod` 12`` ndio upate 9. Nilikaa nayo usiku mzima hiyo nikidhani nimeelewa vibaya kila kitu.

Alafu Julia. Wakuu, Julia nilipofika nilisimama. Wana kitu kinaitwa `mod1`:

```
k = mod1(saa - 6, 12)
```

Hii inakupa baki kuanzia 1 mpaka 12, sifuri haipo. Saa haina sifuri! Mambo yote ya kusema ikiwa sifuri andika 12 yanaondoka. Wao wanahesabu vitu kuanzia moja badala ya sifuri kwahiyo walihitaji baki ya namna hiyo kwa mambo yao, ila ukiiangalia utadhani imetengenezwa na mtu wa Tanga.

Sasa dawa. Wengi wanaandika hivi, hata mimi niliandika:

```
((saa - 6) % 12 + 12) % 12
```

Hasi inaondoka (sifuri bado unaigeuza kuwa 12 mwenyewe), ila ni kama kumbeba mtu mgongoni kuvuka mto ambao daraja liko pale pale. Daraja nilioneshwa na bibi yangu bila yeye kujua. Bibi hakusoma shule, lakini saa ya ukutani anaisoma vizuri sana, na ukimuuliza anasomaje anakwambia angalia mshale mfupi (yeye anauita akrabu) uko wapi alafu soma upande wa pili, unapotazamana nao. Mshale uko kwenye 3, ng'ambo ni 9. Uko kwenye 11, ng'ambo ni 5. Yani kwenye duara la 12 kurudi nyuma sita na kwenda mbele sita unafika pale pale. Kwa nini basi tunatoa? JUMLISHA SITA:

```
(saa + 5) % 12 + 1
```

Tano alafu moja badala ya sita, ili sifuri isitokee kabisa. Jaribu 3: inakuwa 8, ongeza 1 ni 9. Jaribu 18: 23 baki 11, ongeza 1 ni 12. Jaribu 0: 5, ongeza 1 ni 6. Hasi haipo popote, na kwa kuwa hasi haipo lugha zote nilizotaja hapo juu zinatoa jibu moja. Programu ya basi ipo hivyo mpaka leo.

Karibuni, kila mtu aweke lugha yake na lolote aliloliona.

#2 Mdau anayesimamia seva

Mkuu uzi mzuri. Kwenye Bash (lugha ya amri tunayoandikia skripti za seva) kuna mtego mwingine hujaugusa na huo haujali hasi wala chanya. Mtu ataandika

```
saa=$(date +%H)
echo $(( (saa + 5) % 12 + 1 ))
```

usiku mzima itakubali, alfajiri itakubali, ikifika saa mbili asubuhi inakufa. Saa tatu bado imekufa. Saa nne inafufuka yenyewe. Sababu ni kwamba `date` inatoa 08 na 09, na Bash ikiona namba inaanza na sifuri inahesabu kwa nane nane, tarakimu mwisho 7, kwahiyo 08 kwake ni kitu hakipo. 07 inapita kwa bahati tu maana saba ni saba kote kote. Dawa ni kuiambia kwa nguvu kwamba hii ni ya kumi kumi:

```
echo $(( (10#$saa + 5) % 12 + 1 ))
```

Nimeshaona skripti ya kuhifadhi nakala imekaa miezi inaruka masaa mawili kila siku na hakuna aliyejua, kwa sababu ukija kuangalia saa nne kila kitu kizima.

#3 Mtoa uzi

Mkuu #2 hii ni dhahabu. Masaa mawili tu kwa siku, na ndio masaa watu wanafungua ofisi. Naiongeza kwenye daftari langu.

#4 Mdau wa Rust

Kwa Rust watu wengi wanasema iko kundi la -3 na ni kweli ukitumia i32, aina ya namba inayokubali hasi. Lakini saa haiwezi kuwa hasi, kwahiyo mtu wa Rust kwa tabia atachagua u8, ile ya 0 mpaka 255. Sasa hapo 3 toa 6 haina pa kwenda. Ukiwa kwenye majaribio programu inasimama hapo hapo inakwambia kutoa kumevuka mpaka, na hiyo naipenda, inapiga kelele. Shida ukiijenga ile ya kupeleka kwa watu bila kuwasha ukaguzi huo, namba inazunguka inakuwa 253. 253 gawa kwa 12 baki 1. Yani saa tisa usiku inakuwa saa moja usiku. Hakuna alama ya kutoa ya kukushtua, ni jibu lenye sura nzuri ila la uongo, na hiyo naona ni mbaya kuliko saa -1 ya kwako kwa sababu yule mama asingepiga simu, angekuja tu muda usio wake.

C ukitumia `unsigned int` (namba isiyokubali hasi) inatokea hivyo hivyo bila hata hatua ya kusimama, pia unapata 1. Inatokana na kwamba 256, ambayo u8 inazungukia hapo, na ile kubwa ya `unsigned int`, hazigawanyiki kwa 12, zinabaki 4 kila ukijaribu.

Ukibaki na namba za hasi Rust inayo `rem_euclid(12)` inakupa 9. Ila hiyo ya bibi ya kujumlisha ndio bora, kwenye u8 inapita bila tatizo.

#5 Mdau wa Nairobi

Sasa wadau. Mimi naandika apu za simu, Dart. Ni kweli Dart inakupa 9 moja kwa moja, lakini upande wa Android tuna Kotlin na hapo `%` ni -3. Kuanzia Kotlin 1.5 kuna `.mod(12)` inakupa 9. Kwa hivyo hii apu moja, screen ya Flutter (ile tunaandika na Dart) ilikuwa inasema saa tisa na widget ya Kotlin kwa home screen ilikuwa inasema kitu ingine, simu moja, dakika moja. Tulitafuta hiyo bagi tukidhani ni mambo ya taimzoni.

#6 Mtoa uzi

Kaka hiyo ya taimzoni usiiache pia. Seva nyingi ziko UTC, ile saa ya kimataifa ya kulinganishia, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Kabla hujagusa kanuni yoyote hakikisha hiyo saa uliyopewa ni ya Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam, zote zinatoa muda mmoja. Ukichanganya hayo mawili kwa pamoja utatafuta mpaka uchoke, maana kosa la masaa matatu juu ya kosa la hasi halina sura inayotambulika.

#7 Mhasibu

Mimi sio mtu wa programu, natumia Excel tu kwa ratiba ya zamu za walinzi. Nimejaribu `=MOD(HOUR(A2)+5,12)+1` imekubali zote 24. Swali: kwani mtu akiandika tu jedwali la majibu 24 pembeni alafu akatafuta humo, kuna ubaya? Ndio nilivyokuwa nafanya.

#8 Mtoa uzi

Hakuna ubaya wowote dada, na nasema hivyo kwa dhati. Majibu yako 24 tu, yanaandikika kwa mkono, yanakaguliwa kwa macho, na yanahamishika kwenda lugha yoyote bila kubadilika. Kama ningekuwa na jedwali lako siku ile saa -1 isingekuwepo.

Ila ukiweka maneno kwenye orodha angalia jambo moja. Chukua orodha ya maneno 12 inayoanza na "kumi na mbili", "moja", "mbili" mpaka "kumi na moja", alafu uulize neno la nafasi ya -3. Python inahesabu kutoka mwisho inakupa "tisa", ambayo kwa bahati ni sahihi, lakini ukiiuliza nafasi ya 12 kwa ajili ya saa ya jioni (18 toa 6) inagoma. Ruby nayo inahesabu kutoka mwisho. JavaScript inakupa undefined na mtu anapokea meseji ya "saa undefined usiku". Java inasimama na erori. C inaenda kuchungulia kumbukumbu ambayo sio yake na hapo lolote linaweza kutokea. Lua orodha zake zinaanza na moja, kwahiyo ukianza orodha na "moja" kanuni ya `(saa + 5) % 12 + 1` inaangukia kwenye neno lake bila kurekebisha kitu.

#9 Mdau wa Unguja

Assalaam alaykum. Mumeshughulika na namba tu, na maneno je? Najua wengi wenu 15 mtaiandika saa tisa mchana. Kwetu hiyo ni saa tisa alasiri. Na saa kumi ni alasiri pia, sio jioni. Jengine, usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaoikamata Ijumaa, siku inageuka magharibi inapoingia. Programu ikisema "Ijumaa saa tatu usiku" mzee wangu ataelewa Alkhamisi baada ya jua kuzama. Hilo hakuna `%` itakayokusaidia.

#10 Mtoa uzi

Waalaykum salaam mkuu. Umegusa penyewe. Kwa neno la kipindi nimeamua kuliweka kwenye jedwali ambalo mtu wa eneo husika analibadilisha, bara wabaki na mchana na jioni, visiwani waweke alasiri. Kwa siku, nimechukua mtindo wa redioni, "usiku wa kuamkia Ijumaa", hapo hata mzee na kijana wa mjini wanaelewa usiku mmoja.

#11 Anayejifunza

Naomba kuuliza, mimi nina miezi miwili tu na Python, nijaribu lugha zote hizi?

#12 Mtoa uzi

Hapana mdogo wangu. Chukua hiyo Python yako na moja tu ya kundi lingine, JavaScript inatosha maana iko kwenye kila kivinjari. Andika zoezi kwa zote mbili, zungusha lupu 0 mpaka 23, uchapishe pembeni kwa pembeni. Usijaribu saa moja moja kwa mkono kama nilivyofanya mimi. Ukimaliza, hatua ya pili ni dakika: 15 iwe "na robo", 30 "na nusu", 45 "kasorobo". Angalia kasorobo, inahitaji saa inayofuata, sio uliyopo.

#13 Anayejifunza

Nimefanya. Kwa 45 nimeweka `(saa + 6) % 12 + 1`. 3:45 imetoa saa kumi kasorobo, 23:45 imetoa saa sita kasorobo, 18:45 saa moja kasorobo. Lugha zote mbili zimefanana zote 24. Nimekwama 18:45 niandike jioni au usiku?

#14 Mdau wa Unguja

Saa moja kasorobo huku mara nyingi magharibi ishaadhiniwa. Andika usiku.

#15 Mdau wa Nairobi

Huku ni saa moja kasorobo jioni, hakuna mtu ataita hiyo usiku.

#16 Mtoa uzi

Mdogo wangu, weka kwenye jedwali.